Siku ya Tatu Kuanzia Mnada

Ninyi mnaoshika kipaza sauti siku hizi, nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniombe nitulie kwanza. Nina miaka hamsini na saba. Nilistaafu mwaka jana kwa hiari, hiari yenyewe ikiwa ya meneja. Nina shahada ya historia ya daraja ambalo mama yangu aliambiwa ni zuri, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Kwa miaka kumi na tisa, kila asubuhi saa moja na nusu, nilisoma "Siku Kama ya Leo" kwenye redio yetu ndogo hapa Karatu. Watu waliniita Bwana Tarehe. Kwenye harusi ya binti yangu mshereheshaji alisimama akasema, "Sasa tumkaribishe baba wa bibi harusi, Bwana Tarehe," na hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua jina lingine.

Desemba iliyopita, asubuhi ya tarehe tisa, nilikaa na chai yangu nikawasikiliza. Mkasoma Uhuru wa Tanganyika. Sawa. Mkasoma kwamba mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, tukawa Jamhuri. Sawa pia, ingawa mliisoma kama watu wanaosoma bei ya simenti. Mkasoma siku ya kuzaliwa ya mcheza sinema fulani wa ng'ambo. Kisha mkasoma ufunguzi wa ile hoteli ya kitalii kwenye barabara ya Mang'ola, na muziki ukaingia.

Chai ilinipalia. Mmeruka kitu kimoja. Nitawaambia ni kipi, lakini lazima kwanza niwaambie kwamba mimi mwenyewe nilikiruka, miaka miwili mfululizo, na kosa langu lilikuwa baya kuliko lenu. Ninyi hamkujua. Mimi niliambiwa, nikakataa.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Gwandu, mwalimu mstaafu kutoka Rhotia aliyekuwa na kipindi hicho kabla yangu. Alinikabidhi boksi la viatu. Ndani yake kulikuwa na vipande vya karatasi ngumu alivyovikata kwenye maboksi ya biskuti, vimepangwa kwa miezi, kila kipande na tarehe yake, na kila tukio limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nyuma ya kipande aliandika nani kamwambia. Kama nyuma ni patupu, hakisomwi.

"Hiki cha mwezi Mei umekitoa wapi?" aliniuliza wiki ya kwanza.

"Kwenye kitabu, Mzee."

"Kitabu kilikuwepo?"

"Hapana, Mzee, lakini mwandishi..."

"Mwandishi alikuwepo?"

 Chuoni hawakuwahi kuniuliza hivyo, na nilidhani ni ushamba. Alipoacha kipindi, nikaingiza vitu vyangu. Niliwasomea watu wa Karatu wafalme wa Ulaya waliokatwa vichwa, mikataba iliyosainiwa kwenye miji ambayo hata mimi nilikuwa nikiitamka nikiwa nimefumba macho. Siku moja mkulima mmoja wa Endabash alipiga simu tukiwa hewani.

"Bwana Tarehe, shikamoo."

"Marahaba, karibu."

"Huyo mfalme aliyekufa, ameacha ndugu huku kwetu?"

"Hapana, mzee wangu, ni wa zamani, wa Ulaya."

"Basi tusomee bei ya mbaazi. Mfalme atatusubiri."

Nilikasirika wiki nzima. Leo ningemwajiri yule mkulima awe mhariri mkuu.

Msifikiri nadharau mambo ya nje. Nadharau kuyachukua bila kuyapima. Chukueni mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Kila simu yenu itawaambia ni tarehe ishirini Julai. Ni kweli, kule kwao. Lakini alipoweka mguu chini, hapa kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe ishirini na moja, watu wanakamua ng'ombe. Kwa hiyo mtu wa Ngorongoro akisema jambo hilo lilitokea ishirini na moja, hajakosea, alikuwa amesimama mahali pengine tu. Hilo nililigundua mwenyewe, nikajisifu nalo hewani siku nzima. Kumbukeni kwamba nililijua. Ndiyo maana yanayofuata hayana udhuru.

Mambo mengine ya kazi niwape haraka. Usiamini tarehe iliyochongwa kwenye jiwe la ufunguzi, maana jiwe huchongwa kabla na mgeni rasmi huchelewa. Mtu akikwambia jambo lilitokea "usiku wa kuamkia Jumanne", usiandike Jumanne kabla hujamuuliza tena. Ukitaka mwaka, waulize wanawake, halafu waulize mtoto gani alikuwa mgongoni. Kwa wafugaji uliza rika gani lilikuwa la moran, na mvua ilikuwaje. Ukitaka siku yenyewe, uliza mnada. Mnada wetu mkubwa ni tarehe saba ya kila mwezi, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Mfugaji ambaye hajawahi kuwa na kalenda ukutani anajua tarehe saba kwa miguu yake, kwa sababu amewaswaga ng'ombe wake mpaka hapo.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani.

Sasa hoteli. Ilipofunguliwa, tarehe tisa Desemba, nilikuwa pale na kinasa sauti, nimekaa kwenye hema la wageni waalikwa, nimekula pilau sahani mbili. Ufunguzi ulipangwa siku ya Uhuru ili mgeni rasmi apate maneno ya kusema. Baada ya hapo hoteli ikawa rafiki wa redio. Walitupa magodoro yao ya zamani, tukayapigilia kwenye kuta za studio ili sauti isirudi. Ndiyo, sauti yangu nzuri ile mliyoisikia mkiwa shule ya msingi ilitoka katikati ya magodoro waliyolalia Wazungu. Moja lilikuwa na doa la kahawa lenye umbo la Ziwa Eyasi, na nilikuwa nalitazama kila nikisoma. Nami nikaandika kipande cha tarehe tisa Desemba: hoteli imefunguliwa. Nyuma nikaandika: nilikuwepo. Kilikuwa kipande changu cha kwanza cha tukio la huku kwetu, na nilijivunia sana.

Mwaka wa tano au wa sita wa kukisoma kile kipande, alikuja Bibi Nolarami.

Ni mama wa Kimasai anayeishi chini ya mlima Oldeani, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo inakufanya usogee. Ilikuwa siku ya mnada wa Desemba. Alikuwa ameuza mbuzi, akapita redioni.

"Takwenya, Bibi," nikamwambia. Najua salamu. Nilikuwa mtu wa salamu nzuri.

"Iko. Wewe ndiye unasoma hoteli?"

"Ndiyo mimi."

"Unasoma hoteli kila mwaka. Binti yangu humsomi."

Nikamkalisha. Akanieleza kwa maneno machache. Binti yake, Naserian, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikaa vibaya. Wakapata pikapu iliyokuwa inapeleka vitunguu Karatu kutoka Mang'ola, wakamlaza juu ya magunia. Walipofika karibu na hoteli, walinzi wa hoteli walikuwa wamefunga kamba barabarani ili msafara wa mgeni usikutane na magari ya vitunguu. Dereva alipiga honi. Walinzi wakasema subirini, mkubwa anakaribia. Mkubwa alikaribia kwa muda mrefu sana, na hata alipofika wakasema kamba ingoje amalize kuhutubia. Mtoto alizaliwa pale pale, juu ya magunia. Naserian alivuja damu akafa kabla kamba haijashushwa.

"Mtoto ni msichana, anaitwa Namnyak," alisema. "Ameanza shule. Wewe unasoma hoteli na yeye anasikia. Nataka siku hiyo asikie na jina la mama yake. Hapo hapo. Baada ya hoteli."

"Ilikuwa tarehe ngapi, Bibi?"

"Siku ya tatu ya mnada."

Nikahesabu. Saba ni mnada. Siku ya kwanza nane, ya pili tisa, ya tatu kumi. Nikamfungulia kalenda kama daktari anayeonyesha picha ya mfupa.

"Bibi, pole sana. Lakini hoteli ilifunguliwa tarehe tisa. Siku yako ya tatu ni tarehe kumi. Tarehe kumi hakukuwa na mgeni wala kamba. Hizi ni siku mbili tofauti."

"Kamba ilikuwepo."

"Labda ilikuwa kamba nyingine."

Alinitazama. "Barabara ile ina kamba ngapi?"

Nikamwambia nitafuatilia. Mnajua maana ya neno hilo ofisini. Nilikuwa nimemwita mwongo kwa adabu zote za chuo kikuu, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikajisikia mtu makini asiyeyumbishwa na machozi. Yeye hakuwa ametoa hata chozi.

Mwaka uliofuata, siku ya mnada, akaja tena. Akasema yale yale. Nikafungua kalenda ile ile. Safari hii nilimweleza polepole, kwa sauti ya juu kidogo, kama watu wanavyofanya wakidhani asiyesoma ni kiziwi.

Mwaka wa tatu akaja, akakaa bila kukaribishwa.

"Wewe ni Mkristo?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bibi. Mkatoliki."

"Mimi Mlutheri. Yesu alikufa siku gani?"

"Ijumaa."

"Akafufuka?"

"Jumapili."

"Hiyo ni siku ya ngapi?"

"Ya tatu," nikasema, haraka, kama mtoto wa mafundisho ya kipaimara.

"Hesabu."

Nikanyoosha kidole. Ijumaa, Jumamosi. Nikasimama hapo. Vijana, nimesali Jumapili zote za maisha yangu, nimetamka siku ya tatu labda mara nyingi kuliko nilivyotamka jina la mke wangu, na sikuwahi kuona kwamba Ijumaa yenyewe imehesabiwa.

"Sisi mnada ni siku ya kwanza," alisema Bibi Nolarami. "Kwa nini tuache kuuhesabu? Siku hiyo tumetembea tangu alfajiri. Ya pili tunarudi. Ya tatu tuko nyumbani, na Naserian akashikwa."

Saba, nane, tisa.

Akaingiza mkono kwenye mkoba wa ngozi aliokuwa ameuvaa shingoni, akatoa kadi ya kliniki ya mtoto, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Tarehe ya kuzaliwa: tisa, mwezi wa kumi na mbili. Imeandikwa na muuguzi, na muhuri juu.

"Bibi, hii ulikuwa nayo miaka yote?"

"Ndiyo."

"Mbona hukunionyesha?"

"Uliniuliza siku. Hukuniuliza karatasi."

Na kweli sikumuuliza. Nilimwona ana shuka na shanga, nikaamua hana karatasi. Mwalimu wangu alinifundisha kuuliza nani alikuwepo. Huyu alikuwepo, ameshika kichwa cha binti yake, na mimi nikampinga kwa kalenda ya kampuni ya mbolea.

Lakini hilo silo lililoniua. Lililoniua ni honi.

"Dereva alipiga honi sana?" nilimuuliza, nikiwa natafuta tu la kusema.

"Mpaka mkono ukachoka."

Nikaikumbuka. Siku ile ya ufunguzi, mgeni rasmi akihutubia, kulikuwa na honi inalia kule barabarani, inalia, inanyamaza, inalia. Iliniudhi kwa sababu ilikuwa inaingia kwenye kinasa sauti changu. Jirani yangu hemani alisema, "Hawa wa vitunguu hawana adabu," nikacheka. Nilipofika studio nikaikata. Nilikata kwa ufundi kabisa, kila mara pale mgeni anapovuta pumzi, ndivyo inavyotakiwa, ukikata kwenye pumzi hakuna anayejua pamekatwa. Fundi mitambo alinipongeza. Nilikuwa nawafundisha wanagenzi mbinu ile kwa kutumia hotuba ile ile. Yaani nilimsikia Naserian akifa, nikamfuta, halafu nikamfanya somo.

Nilimwambia Bibi. Sikuweza kutomwambia. Akasema, "Basi na wewe ulikuwepo. Andika."

Nikaandika, kwenye kipande kile kile, chini ya hoteli. Nyuma yake: mama yake alikuwepo, kadi ya mtoto nimeiona, mimi nilisikia honi.

Asubuhi ya tarehe nane meneja alikiona kipande mezani.

"Bwana Tarehe, hapo ulipokaa unajua umekaa ndani ya nini?"

"Ndani ya studio."

"Umekaa ndani ya magodoro ya watu! Sikiliza, habari ya huyu mama inasikitisha, mimi ni mzazi. Isome. Lakini isome siku nyingine. Isome tarehe kumi."

"Alikufa tarehe tisa."

"Nani anajua?"

"Ndiyo maana tuna kipindi."

"Basi soma tarehe tisa, ila usiiweke karibu na hoteli. Weka muziki katikati."

Nilifikiri sana juu ya huo muziki katikati. Ulikuwa ushauri wa mtu mzuri, nyumbani kwangu kulikuwa na ada za shule na mimi si shujaa, mke wangu atawathibitishia. Lakini Bibi alikuwa amesema hapo hapo. Baada ya hoteli.

Kesho yake nikasoma. Siku kama ya leo Tanganyika ilipata Uhuru. Siku kama ya leo, mwaka uliofuata, ikawa Jamhuri. Siku kama ya leo ilifunguliwa hoteli ya barabara ya Mang'ola. Siku kama ya leo, kwenye kamba iliyofungwa na walinzi wa hoteli hiyo, Naserian binti wa Nolarami alizuiwa akiwa na uchungu, akamzaa Namnyak, akafariki. Sikuweka pumzi ya kukatwa popote.

Jumatatu iliyofuata pikapu ya hoteli ikaja kuchukua magodoro. Waliyang'oa na misumari yake. Nikabaki nasoma kwenye kuta tupu, sauti inarudi kama niko ndani ya tangi, na yule mkulima wa Endabash akapiga simu: "Bwana Tarehe, umetumbukia kisimani? Tukuletee kamba?" Nilicheka mpaka nikalazimika kuzima kipaza sauti, na si kicheko chote kilikuwa cha kufurahi.

Baada ya hapo nilisoma kila mwaka mpaka nilipoondoka. Meneja hakunizuia tena. Hoteli ilikwisha kuchukua magodoro. Haikuwa na kingine cha kuchukua.

Sasa turudi kwenu. Desemba iliyopita, chai ikiwa bado inanipalia, simu ikaita. Alikuwa Bibi Nolarami, kwa simu ya mjukuu wake. Namnyak yuko kidato cha pili, alikuwa likizo, wamekaa wote wawili na redio kama kila mwaka.

"Bwana Tarehe," akasema, "mwaka huu Naserian hakufa?"

 Nikachukua bodaboda mpaka redioni. Nilikuta sponji mpya ukutani, nzuri, ya kijivu, imekatwa kitaalamu, na sikuuliza imetoka kwa nani. Nikamkuta dada mmoja, mtangazaji mwenye sauti nzuri kuliko yangu, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kipindi cha asubuhi mmekitoa wapi?"

"Kwenye simu, mzee. Unaandika tarehe tu, inakuletea yote."

"Na hoteli? Simu imeijuaje hoteli?"

"Hiyo wanatutumia wenyewe kila mwaka, kwa barua pepe."

"Na Naserian?"

Akatafuta. Nataka niwe mkweli, alitafuta kwa bidii, akateremsha kidole muda mrefu. "Mzee, huyo hayupo."

Ndiyo hasira yangu, wanangu, na sasa mnaijua yote. Sikasiriki kwa sababu mnatumia simu. Mimi nilitumia vitabu kwa ujinga ule ule. Nakasirika kwa sababu mnaamini kwamba ambaye hayupo humo hakuwepo. Hoteli ina mtu wa kuandika barua pepe. Naserian ana mama anayehesabu kwa mnada na binti anayewasikiliza ninyi kila asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa.

Nilimuuliza yule dada boksi la viatu liko wapi. Liko studio. Mnalitumia kuzuia mlango usijifunge. Nililifungua mwenyewe: vipande vyote vimo, na hata panya hawajavitaka. Nikalirudisha boksi mlangoni pale pale nilipolikuta, maana sikutaka kuwaibia kazi. Kipande kiko kwenye Desemba, nyuma ya Jamhuri, kimeandikwa pande zote mbili.

Mnada wa Desemba utakuwa tarehe saba, kama kawaida. Bibi atakuja na mbuzi wake, atapita hapo nje ya dirisha lenu, na hataingia kuwakumbusha, kwa sababu amechoka kuja. Hesabuni wenyewe. Saba, ya kwanza. Nane, ya pili. Tisa, ya tatu.